Ajali Hii Ina Kinga: Umeme, Moto na Wodi ya Watoto Wachanga

Waswahili husema ajali haina kinga. Msemo huo una faraja kwa aliyefiwa, kwa kuwa humwondolea mzigo wa kujilaumu kwa jambo lililo nje ya uwezo wake. Lakini msemo huohuo ukitamkwa na mwenye dhamana ya jengo la hospitali, hugeuka kuwa kisingizio. Moto unaotokana na umeme ndani ya jengo haushuki kama radi. Hujengwa taratibu, kwa miezi na pengine kwa miaka, mbele ya macho ya watu wanaopita hapo kila siku: plagi iliyogeuka rangi kuwa kahawia, soketi inayocheza ukutani, waya uliopitishwa chini ya mlango, harufu ya plastiki inayoungua ambayo kila mmoja ameisikia na hakuna aliyeiandika.

Usiku wa tarehe 25 Mei 2022, moto ulizuka katika wodi ya watoto wachanga ya hospitali moja katika mji wa Tivaouane, nchini Senegali. Watoto 11 walifariki. Tarehe 9 Januari 2021, watoto wachanga 10 walikuwa wamekufa kwa namna hiyohiyo katika hospitali ya wilaya ya Bhandara, jimbo la Maharashtra, nchini India. Tarehe 15 Novemba 2024, katika mji wa Jhansi, pia nchini India, watoto wachanga wasiopungua 10 waliangamia ndani ya wodi yao. Katika matukio yote matatu, hitilafu ya umeme ndiyo iliyotajwa na wenye mamlaka kuwa chanzo. Miji ni tofauti na miaka ni tofauti, lakini wodi ni ileile, na saa ni zilezile za usiku.

Si bahati mbaya kwamba ni wodi ya watoto wachanga. Nako Afrika Mashariki, ambako kila mwaka wodi za namna hiyo zinafunguliwa na kupanuliwa katika hospitali za mikoa, za wilaya na hata katika vituo vya afya, somo hilo linapaswa kusomwa kabla ya moto badala ya baada yake. Hoja inayotetewa hapa ni moja: usalama wa umeme wa wodi ni sehemu ya matibabu ya mgonjwa. Haupaswi kuachiwa fundi peke yake, na haupaswi kusubiri bajeti ya mwaka ujao.

Kwa nini wodi hii

Wodi ya watoto wachanga ina sifa nne ambazo zikikutana huandaa moto. Kwanza, ina vifaa vingi vya umeme kwa kila mita ya mraba kuliko karibu wodi nyingine yoyote: vitanda vya kupasha joto, inkubeta, taa za kutibu manjano, mashine za kuzalisha oksijeni, mashine za kufyonza makohozi na pampu za dripu. Pili, vifaa hivyo havipumziki. Pasi ya nyumbani huwaka nusu saa ikazimwa. Kitanda cha kupasha joto huwaka usiku na mchana, wiki hadi wiki, na waya wake haupati nafasi ya kupoa.

Tatu, hewa ya wodi hiyo huweza kuwa na oksijeni zaidi ya kawaida. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 hivi. Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini huuchochea moto: kitambaa ambacho kingefuka polepole katika hewa ya kawaida hushika moto upesi katika hewa iliyozidishiwa oksijeni, na cheche ambayo ingezimika yenyewe hupata nguvu. Shuka, blanketi na nguo za mtoto zinaweza kubaki na oksijeni hiyo kwa muda hata baada ya mrija kuondolewa. Ukiongeza hapo kitakasa mikono chenye spiriti, ambacho hutoa mvuke unaoweza kuwaka katika joto la kawaida la chumba, na magodoro ya sponji, kinachokosekana ni cheche tu.

Nne, wagonjwa wake hawawezi kukimbia. Hawawezi hata kupiga kelele zinazotofautiana na kilio cha njaa. Wamefungwa mirija, na zamu ya usiku mara nyingi ina muuguzi mmoja au wawili kwa watoto wengi. Wodi ya watu wazima inaweza kuokolewa kwa sauti ya mtu mmoja anayesema "tokeni!" Wodi ya watoto wachanga huokolewa kwa mikono, na mikono ni michache.

Waya hauoni kusudi jema

Chanzo cha hatari mara nyingi ni neema. Hospitali hupokea mashine mpya, iwe ni kutoka serikalini, kwa mfadhili au kwa wananchi waliochanga. Picha hupigwa, hotuba hutolewa, mashine huwekwa wodini. Swali ambalo huulizwa mara chache ni hili: mashine hii itachomekwa wapi?

Jengo huenda lilijengwa miaka thelathini iliyopita likiwa stoo au chumba cha kawaida cha kulaza wagonjwa, na mafundi wake waliweka soketi mbili kwa ajili ya feni na redio. Leo soketi hizo hubeba wodi nzima kwa msaada wa ekstensheni, na ekstensheni hiyo nayo imechomekewa ekstensheni nyingine. Hesabu yake si ngumu. Umeme wa majumbani na hospitalini Tanzania, kama ilivyo Kenya na Uganda, unakadiriwa kuwa volti 230 au 240, na plagi ya pini tatu bapa imekusudiwa kubeba mkondo usiozidi ampea 13. Zidisha 230 kwa 13, jibu ni wati 2,990. Hicho ndicho kikomo cha soketi moja, na ekstensheni yenye matundu manne haiongezi hata wati moja juu yake.

Sasa tuchukue mfano. Vitanda viwili vya kupasha joto vyenye wati 800 kila kimoja ni wati 1,600. Mashine tatu za oksijeni zenye wati 400 kila moja ni wati 1,200. Jumla ni 2,800, na kikomo kimekaribiwa mno. Kisha, alfajiri, mtu mmoja anachomeka birika la wati 2,000 ili apate maji ya uji. Jumla ni wati 4,800, yaani takribani ampea 21 zinazopita katika waya na plagi zilizokusudiwa 13.

Wengi hudhani kwamba fyuzi itakatika papo hapo. Haiwi hivyo kila mara. Fyuzi ya plagi huweza kustahimili mkondo uliozidi kiasi kwa muda mrefu kabla haijayeyuka, na wakati wote huo waya unachemka. Joto la waya haliongezeki sawasawa na mkondo: mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linalozalishwa katika waya uleule huongezeka mara nne. Waya uliobaki umeviringishwa, au uliofunikwa na zulia, godoro au rundo la nguo, hauna pa kutolea joto hilo. Ganda lake la plastiki hulainika, hupasuka, na nyaya mbili zisizopaswa kugusana hugusana.

Ipo hatari nyingine iliyojificha zaidi. Sakiti breka hukata umeme pindi mkondo unapozidi kiwango chake au shoti inapotokea. Kifaa cha kukata umeme unaovuja, ambacho kwa kawaida hupangwa kukata pale miliampea 30 zinapopotea njia, humlinda mtu asipigwe na umeme. Vyote viwili ni vya lazima. Lakini hakuna kati yake kilichoundwa kutambua skrubu iliyolegea nyuma ya soketi. Kiungo kilicholegea hupitisha mkondo wa kawaida kwa taabu, na taabu hiyo hugeuka joto mahali pamoja. Breka inaona kila kitu ni shwari, ilhali ukutani pana kaa la moto. Chombo kinachoweza kuligundua kwa wakati ni mkono wa mtu unaohisi plagi ina joto, pua inayosikia harufu, na jicho linaloona rangi ya kahawia.

Breka inapokatika mara kwa mara, jambo la hatari kuliko yote ni kuweka breka kubwa zaidi ili "isisumbue", au kuzungushia fyuzi kipande cha waya. Breka huulinda waya ulio ukutani, na ukubwa wake lazima uendane na unene wa waya huo. Kuibadilisha kwa kubwa zaidi bila kubadilisha waya ni sawa na kuvunja kipimajoto ili homa ya mgonjwa isionekane.

Muuguzi wa usiku si mzembe

Ni rahisi kwa kiongozi anayekagua wodi mchana kuonyesha kidole ekstensheni iliyojaa na kumlaumu muuguzi. Lawama hiyo haina haki. Saa nane za usiku mtoto njiti wa gramu 1,200 analetwa akiwa wa bluu. Mashine ya oksijeni ipo, soketi haipo. Muuguzi anachomeka mashine ya nne kwenye ekstensheni, na mtoto anarudisha rangi. Hakuna kanuni ya maadili ya uuguzi inayoweza kumhukumu kwa uamuzi huo. Angeacha, mtoto angekufa mbele yake kwa hakika. Alipochomeka, aliwaweka watoto wote katika hatari ambayo haionekani na ambayo pengine isingetokea usiku huo.

Kosa linaanzia asubuhi. Suluhisho la dharura likibaki mahali pake hadi jioni, kisha hadi mwezi unaofuata, kisha likawa ndivyo wodi inavyoendeshwa, hapo dhamana imehama kutoka kwa muuguzi kwenda kwa wale ambao kazi yao ni kumpa soketi. Kwa sababu hiyo kila ekstensheni iliyowekwa usiku kwa dharura inapaswa kuandikwa katika kitabu cha ripoti, kama inavyoandikwa dozi ya dawa, na ripoti hiyo ifike kwa muuguzi kiongozi na kwa mganga mfawidhi kabla ya mchana. Jambo lililoandikwa lina mwenyewe. Jambo lisiloandikwa huja kuitwa ajali.

Wapo watakaosema kwamba hospitali haina fedha za kubadilisha nyaya. Hoja hiyo ni ya kweli kwa sehemu, na haifai kubezwa. Kuweka upya mfumo wa umeme wa wodi ni gharama kubwa, na kila shilingi inayokwenda kwenye waya haikwenda kwenye dawa. Lakini hoja hiyo hujibiwa kwa mambo mawili. La kwanza, sehemu kubwa ya kinga haina gharama: kugusa plagi kila zamu, kutenganisha vifaa vizito katika soketi tofauti, kuhamisha birika na pasi nje ya wodi, kuacha nafasi mbele ya swichi kuu, kutofunga mlango wa dharura kwa kufuli. La pili, mashine mpya isiyo na soketi yake haijakamilika. Gharama ya kuivutia umeme inapaswa kuwa ndani ya bei yake, na mfadhili aelezwe hivyo bila haya. Anayetoa mashine tano na kukataa kutoa nyaya zake ametoa nusu ya zawadi na kuacha hatari nzima.

Upo pia uamuzi wa kitabibu unaopunguza mzigo wa umeme moja kwa moja. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2022, linahimiza malezi ya kangaruu, yaani mtoto njiti au mwenye uzito pungufu kuwekwa ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama, yaanze mapema baada ya kuzaliwa. Malezi hayo yanapendekezwa kwa sababu yanaokoa maisha. Lakini yana faida nyingine ambayo haisemwi mara nyingi: mtoto anayepata joto kwa mama yake hahitaji wati 800. Na moto ukizuka, mtoto huyo tayari amefungwa kwenye kifua cha mtu mwenye miguu. Hospitali inayompa mama kitanda kando ya mwanawe imepunguza mzigo wa waya na kuongeza mikono ya kuokoa kwa wakati mmoja.

Moshi huua kabla ya moto

Watu wengi wanaokufa katika moto wa majengo huuawa na moshi, si miali. Mwaka 2011, katika mji wa Kolkata nchini India, moto ulioanzia chini kabisa ya jengo la hospitali uliua watu takribani 90, wengi wao wagonjwa wa ghorofa za juu ambako miali haikufika. Moshi ulipanda, ukawakuta vitandani.

Ndani ya moshi mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikana na himoglobini ya damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikana nayo. Sponji ya magodoro inapoungua hutoa pia sianidi, na ganda la plastiki la nyaya hutoa gesi kali inayochoma njia ya hewa. Kwa mhudumu wa afya hapa pana mtego unaopaswa kukumbukwa: kipima oksijeni cha kidoleni hakiwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba kaboni monoksidi. Kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mtu anayekosa hewa. Mgonjwa aliyetolewa katika moshi, mwenye kichwa kinachouma, aliyechanganyikiwa au mwenye masizi puani na sauti iliyokwaruza, apewe oksijeni ya kiwango cha juu kabisa kinachopatikana bila kusubiri namba. Katika hewa ya kawaida mwili huchukua saa nne hadi tano kupunguza gesi hiyo kwa nusu. Kwa oksijeni safi muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu. Sauti iliyokwaruza ni onyo kwamba koo linavimba, na mwenye ujuzi wa kuweka mrija wa hewa aitwe mapema.

Kwa majeraha ya moto, maji safi yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20 ndiyo huduma ya kwanza yenye faida kubwa kuliko zote, na bado yanasaidia hata kama saa chache zimepita, hadi tatu. Barafu, dawa ya meno, mafuta, mayai na kinyesi cha ng'ombe huongeza madhara. Mtoto mdogo apozwe sehemu iliyoungua tu, na mwili uliobaki ufunikwe asipoteze joto. Aliyepigwa na umeme asiguswe kabla umeme haujakatwa, na hata kama jeraha lake ni dogo kama punje ya mahindi afikishwe hospitali, kwa sababu umeme huchoma ndani kuliko nje na huweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Siku moto unapozuka

Mpango wa dharura unaosomwa mara ya kwanza wakati wa moto si mpango. Hatua zake ni nne, na kila mfanyakazi, akiwemo mhudumu wa usafi na mlinzi wa usiku, anapaswa kuzitaja bila kusita.

Ya kwanza ni kuwaondoa walio karibu na moto. Ya pili ni kutoa taarifa: sauti, king'ora, na simu kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo nchini Tanzania hupatikana kwa namba 114. Ya tatu ni kuufungia moto: milango ifungwe bila kufuli, umeme ukatwe kwenye swichi kuu ya wodi, na oksijeni ifungwe kwa amri ya kiongozi wa zamu baada ya kujua ni nani anayeitegemea. Ya nne, ikiwa tu moto ni mdogo na njia ya kutokea iko nyuma ya mtu, ni kuuzima kwa kizimamoto cha gesi ya kaboni dioksidi au cha unga. Maji hayamwagwi kwenye umeme.

Wagonjwa wasioweza kutembea hawashushwi ngazi kwanza. Huhamishiwa wodi ya jirani katika ghorofa ileile, ng'ambo ya mlango unaofungika, kisha hutolewa nje kwa utaratibu. Kwa watoto wachanga, khanga moja imara iliyofungwa kifuani hubeba watoto wawili na kuacha mkono mmoja huru wa kufungua mlango. Khanga za namna hiyo zitundikwe karibu na mlango wa wodi na zisitumiwe kwa kazi nyingine. Ni kifaa cha bei nafuu kuliko vyote vilivyomo wodini, na siku moja kinaweza kuwa cha thamani kuliko vyote.

Zoezi la kuwahamisha wagonjwa lifanyike angalau mara mbili kwa mwaka, na moja lifanyike usiku, kwa idadi ileile ya wahudumu wanaokuwepo usiku. Wanasesere wa nguo wanatosha kuwa watoto. Hospitali itakayofanya zoezi hilo itagundua jambo ambalo ukaguzi wa mchana hauwezi kulionyesha: ufunguo wa mlango wa dharura yuko nao nani, na yeye hulala wapi.

Sehemu ya mgonjwa na ndugu zake

Ndugu anayemuuguza mgonjwa anahitaji simu yake, kwa kuwa ndiyo njia ya kupata damu, fedha na faraja kutoka nyumbani. Kumkataza kuchaji bila kumpa pa kuchajia ni kumfundisha kuchaji kwa kificho, chini ya mto au nyuma ya kitanda. Hospitali ikitenga kona moja ya kuchajia simu na kona moja ya kuchemshia maji, zote nje ya wodi, itakuwa imeondoa sababu ya nusu ya plagi zinazogombaniwa kando ya vitanda. Naye ndugu asichomoe plagi yoyote wodini hata kama kifaa kinaonekana kimelala, na asione haya kumwambia muuguzi: "Dada, plagi hii ina joto." Sentensi hiyo fupi ni huduma kwa wodi nzima.

Nyumbani kanuni ni zilezile. Chandarua kisiguse balbu wala soketi. Simu isichajiwe kitandani. Jiko la umeme, pasi, birika na hita ya kuchemshia maji vichomekwe moja kwa moja ukutani, kimoja kimoja, visipitishwe kwenye ekstensheni. Umeme ukikatika wakati pasi inatumika, ichomolewe, kwa maana umeme hurudi bila kubisha hodi na huikuta pasi imelala juu ya nguo. Mgonjwa anayetumia mashine ya oksijeni nyumbani aipe soketi yake peke yake, iwe mbali na jiko, mshumaa na sigara, na asipake mafuta ya mgando puani wakati wa kuitumia. Kazi ya nyaya ifanywe na fundi mwenye leseni, ambayo kwa Tanzania hutolewa na EWURA na kwa Kenya na EPRA, na vifaa viwe na alama ya ubora. Waya wa bei ya kutupa mara nyingi una shaba pungufu kuliko maandishi yake, nao huchemka kwa mzigo ambao waya halali ungeubeba bila shida.

Linalopaswa kubadilika

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba majeraha ya moto huua watu takribani 180,000 kila mwaka, walio wengi wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hospitali, ambazo ndizo huwapokea walioungua, hazina ruhusa ya kuwa miongoni mwa mahali panapounguza.

Mabadiliko matatu yanatosha kuanzia. Kwanza, kisipokelewe kifaa chochote cha umeme wodini kabla mhandisi wa vifaa tiba hajaandika wati zake, soketi yake na jumla ya mzigo wa mkondo huo. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani, kila zamu iione. Pili, muuguzi kiongozi apewe mamlaka ya maandishi ya kukataa au kuondoa kifaa kinachozidisha mzigo, na asiadhibiwe kwa kuyatumia. Tatu, hali ya umeme iwe ajenda ya kudumu ya kamati ileile inayosimamia uzuiaji wa maambukizi, chini ya mganga mfawidhi mwenyewe. Hapo zamani kunawa mikono kulionekana kuwa jambo la usafi tu, lisilomhusu daktari bingwa. Leo hakuna bingwa anayethubutu kusema hivyo. Plagi yenye joto nayo inastahili safari hiyohiyo, kutoka kwa fundi hadi mezani pa daktari.

Usiku huu, katika wodi nyingi za watoto wachanga, muuguzi atapita kitanda hadi kitanda akihesabu pumzi na kupima joto. Akimaliza na watoto, na apitishe mgongo wa mkono wake karibu na kila plagi. Haitachukua dakika mbili. Na plagi moja ikiwa na joto, ahamishe mzigo, aandike, na amwamshe anayepaswa kuamshwa.